Kalamu ya Wino ya Kuchorea: Kabla ya Nibu, Kagua Kofia

Desemba iliyopita nilivuka kwenda Unguja na kalamu mpya ya shilingi 120,000, niliyoinunua kwa kazi moja tu: kuchora milango ya Mji Mkongwe. Niliijaza wino siku nane kabla ya safari, nyumbani Dodoma, nikaijaribu, ikaandika vizuri mno. Asubuhi ya kwanza nikakaa barazani mkabala na mlango wenye mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu nzima na njumu za shaba zinazong'aa. Nikafungua kalamu. Haikutoa hata nukta. Nikaitikisa, nikaichovya majini, nikaikwaruza mpaka karatasi ikachanika. Mzee aliyekuwa amekaa pembeni akaniuliza, "Mwanangu, imekataa?" Nikamjibu, "Imekataa, babu." Mlango ule niliuchora kwa peni ya jeli ya dukani, na nilipopitisha rangi ya maji, mistari yote ikageuka ukungu wa bluu.

Nibu ya kalamu ile, yaani ncha yake ya chuma, haikuwa na kosa lolote. Kofia, kifuniko chake, ndiyo iliyoniangusha.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia uzito, umbo wala rangi ya mwili wa kalamu. Hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Mimi nataka uelewe kofia.

Kalamu ya wino hufanya kazi kwa kupokezana: wino unashuka, hewa inapanda kujaza pengo. Kinachosimamia zamu hiyo ni kipande chenye vifereji vyembamba kilicho chini ya nibu. Lewis Waterman alipata hataza ya kifaa cha namna hiyo Marekani mwaka 1884, na msingi wake haujabadilika sana. Vifereji hivyo hukaa na wino muda wote, hata kalamu ikiwa imelala mkobani. Kofia ikipitisha hewa, maji yaliyomo kwenye wino yanaondoka kidogo kidogo.

Kwa mwandishi si msiba. Wino wa kawaida ukikauka, unautia maji, unayeyuka tena. Mchoraji ndiye anayeumia, kwa sababu sisi tunataka wino usiotoka tunapopitisha brashi yenye maji juu yake. Wino wa namna hiyo, kama Platinum Carbon, ni chembe laini za kaboni zinazoelea ndani ya maji. Chembe hizo zikishagandia ndani ya vifereji, kuzitoa ni kazi ya siku nzima, na mara nyingine hazitoki. Ukiongeza upepo mkavu wa Dodoma wa Agosti, kofia mbovu inaua kalamu kabla hujamaliza daftari la kwanza.

Ukiwa dukani, washa tochi ya simu umulike ndani ya kofia. Unatafuta kikofia kidogo cha ndani kinachokumbatia shingo ya nibu. Usitishwe na tundu la nje: kofia nyingi hutobolewa makusudi ili mtoto akiimeza aendelee kupata hewa. Kikofia cha ndani kikiwepo na kikiwa kizima, tundu hilo halidhuru. Kisipokuwepo, weka kofia mdomoni uvute hewa. Ikinata, afadhali. Hewa ikipita, rudisha kalamu mezani. Ukishafika nayo nyumbani, ijaze kwanza wino wa kawaida, ilaze siku saba, kisha chora mstari mmoja. Ikisita, usiitie wino wa kaboni kamwe.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Platinum Preppy ya Japani, na sioni haya kusema naipendelea. Ni ya plastiki, nyepesi, haina fahari yoyote. Lakini ndani ya kofia yake kuna kikofia chenye springi kinachosukumwa kubana shingo ya kalamu kila unapoifunga. Kampuni inasema wino hukaa mwaka mzima bila kukauka. Yangu niliisahau kwenye droo miezi mitano ikiwa na wino wa kaboni. Nilipoifungua ikachora mstari tangu mguso wa kwanza, na nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Chukua nibu ya 03, ambayo ni nyembamba, au 02, nyembamba zaidi, ukichora vitu vidogo kama nakshi za mlango. Kama mkoba wako unatupwatupwa kwenye mabasi, kuna dada yake, Plaisir, mwenye nibu hiyohiyo na mwili wa alumini.

Ya pili ni TWSBI ECO ya Taiwan. Kofia yake ni ya kuzungusha na inafunga vizuri, na tangi la wino ni mwili wenyewe wa kalamu, kwa hiyo unachora kutwa bila kujaza. Inakuja na spana yake na grisi ya kulainisha pistoni inayovuta wino, unaifungua na kuiosha mwenyewe. Kwa anayetumia wino wa kaboni, hilo ni jambo kubwa.

Ya tatu ni Sailor Fude de Mannen. Nibu yake imepindwa kwenda juu: ukiisimamisha inatoa mstari mwembamba, ukiilaza inatoa mpana kama wa brashi. Kwa vivuli vya vichochoro sijapata mfano wake. Mnunulie mtu anayechora kila siku.

Lamy Safari ni imara na nibu yake inabadilishika kwa dakika moja, ila kumbuka nibu za Ulaya huwa nene kuliko za Kijapani zenye herufi ileile ya unene. Agiza EF, yaani nyembamba sana.

Za bei ya chini kabisa zisizo na jina, mulika kofia. Nyingi zitajikataa zenyewe.

Bei ndiyo inayonikera. Preppy ni kalamu ya mwanafunzi. Kwa miaka mingi iliuzwa kwao yeni 200, fedha ambazo hazifiki shilingi 5,000. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniambia 48,000, nilipouliza sababu akanijibu kwamba ni "bidhaa ya kitaalamu". Mwingine aliniuzia wino wa India, akaapa kuwa ni wa kalamu yoyote. Wino ule una gundi, ni wa kalamu za kuchovya. Ndani ya kalamu ya kujaza unaganda kama lami. Nilimrudia na chupa, akasema nilikosea matumizi. Watu hawa wanauza vitu ambavyo hawajawahi kuvishika wakavichorea, na hasara inabaki kwetu.

Ukinunua kwa simu, omba picha ya ndani ya kofia, iliyopigwa kwa tochi. Asiyetaka kuituma, usimtumie hela.