Kebo ya mpira H07RN-F: imara, ila karatasi yake imepitwa na wakati
Kebo hii yenye nyaya tatu za milimita za mraba 2.5 ni nzito mkononi, lakini hunyumbuka vizuri hata baada ya kuburutwa juu ya zege, na ganda lake halikunata wala kupasuka lilipoguswa na mafuta. Kilichonipendeza zaidi ni maandishi yaliyochapwa juu yake: H huonyesha kwamba inafuata viwango vilivyooanishwa vya Ulaya, 07 ni volti 450/750, R ni mpira unaohami nyaya, N ni ganda la polikloropreni (aina ya mpira wa kutengenezwa), na F ni nyuzi nyembamba zinazoifanya ipindike. Alama ya 3G2.5 hujulisha kwamba mmoja wa nyaya hizo ni wa ethi, wa kijani na njano. Ingekuwa X badala ya G, waya huo usingekuwamo.

Kasoro iko kwenye karatasi ya maelezo, ambayo bado inataja HD 22, kiwango cha zamani cha Ulaya cha kebo za mpira, ilhali mfululizo wa viwango wa EN 50525 uliotolewa mwaka 2011 ndio uliochukua nafasi yake. Fundi anayelinganisha hati anaweza kudhani kwamba ni kebo mbili tofauti, ingawa jina H07RN-F lenyewe halikubadilika. Kwa vifaa vyepesi vya ndani, H05VV-F, kebo nyepesi zaidi ya plastiki ya PVC, inatosha.