Thoreau na kodi, Gandhi na chumvi

Julai 1846 Henry David Thoreau, mwandishi wa Marekani, alitoka kwenye kibanda chake msituni Walden kwenda mjini Concord kuchukua kiatu kwa fundi, akakamatwa. Kwa miaka kadhaa alikuwa amegoma kulipa kodi ya kichwa, kwa kuwa hakutaka kuitambua serikali iliyolinda utumwa. Alilala ndani usiku mmoja tu. Mtu mwingine akamlipia. Huo ndio udhaifu wa mgomo wa mtu mmoja: dhamiri inabaki safi, lakini serikali inapata hela yake.

Gandhi, kiongozi wa Wahindi waliodai uhuru, aliyeisoma insha ya Thoreau kuhusu kukaidi serikali dhalimu akiwa Afrika Kusini, alipanga kwa ajili ya umma. Kwanza alimwandikia mtawala wa Kiingereza nchini India kumweleza atakachofanya: kuvunja sheria iliyowakataza Wahindi kujitengenezea chumvi na kuitoza kodi. Machi 12, 1930 akaondoka kwenye makao yake ya Sabarmati na wafuasi 78, wakatembea kilomita zipatazo 390 hadi kijiji cha pwani cha Dandi, na Aprili 6 akainama kuokota chumvi ya pwani. Uzuri wa chumvi ni kwamba inaingia katika sufuria ya kila maskini, na kuitengeneza kunataka maji ya bahari, chungu na moto basi. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa. Kwa kuitikisa dola, njia hii naiona bora mno, ingawa sheria yenyewe haikufutwa: mapatano ya Machi 1931 yaliwaruhusu tu wakazi wa pwani kujitengenezea chumvi ya nyumbani.