Pampu ya Kutolea Maji ya Letusi: Usiulize Lita kwa Saa, Uliza Kinachobaki Chini

Naotesha letusi kwenye kreti za maji yenye virutubisho, bila udongo, ndiyo hiyo wanayoiita haidroponiki. Mwezi wa pili nilitupa letusi kreti mbili nzima. Ncha za majani zilikuwa zimeungua, mizizi imekuwa ya kahawia na inateleza kama bamia, na nilipofunua kifuniko ilitoka harufu mpaka mume wangu akauliza kama choo kimeziba. Kilichoniuma ni kwamba maji nilikuwa nabadilisha kila Jumamosi, sikuruka hata moja. Tena kwa pampu mpya, elfu sabini na tano, ambayo aliyeniuzia aliniapia, "Hii dada ni maalumu kwa haidroponiki."

Jumamosi iliyofuata nikavuta kigoda nikaitazama inavyofanya kazi. Maji yakashuka vizuri, mpira ukatapika kwenye dumu, kisha pampu ikaanza kukoroma. Inavuta hewa. Nikaichomoa, nikachovya rula ya shule ya mwanangu: sentimita 4. Tundu lake la kunyonyea liko ubavuni, juu ya miguu ya mpira, kwa hiyo maji yakishuka hapo yenyewe imemaliza kazi. Siku zote nilikuwa nayaona yale maji ya chini, nasema "kidogo tu hayo", namwagia mapya juu yake.

Haya, tupige hesabu ya hicho kidogo. Kreti yangu ni sentimita 60 kwa 40. Zidisha kwa 4: lita 9.6. Nikiijaza hadi sentimita 20 inabeba lita 48. Maana yake kila Jumamosi moja ya tano ya maji ya zamani ilikuwa inabaki humo humo. Na si ya juu, ni yale ya chini kabisa, yenye vipande vya mizizi iliyokufa na ule ute. Letusi kwenye joto hunywa maji upesi kuliko inavyokula chumvi, hivyo nikianza wiki na EC (kipimo cha chumvi za virutubisho ndani ya maji) ya 1.2, kipimo kikifika Jumamosi kinasoma 2.4. Changanya moja ya tano ya 2.4 na mapya ya 1.2, unapata zaidi ya 1.4 kabla wiki haijaanza. Hilo la chumvi unaweza kulirekebisha kwa kupunguza virutubisho. La ute je? Kuoza kwa mizizi kunakoletwa na Pythium, kimelea kinachofanana na ukungu na kinachopenda maji, hakuhitaji kukaribishwa mara mbili, na hapa Dar maji ya kibarazani kwangu yanafika nyuzi 30 mchana. Kwenye joto hilo lita moja inashika kama miligramu 7.5 tu za oksijeni; kwenye nyuzi 20 ingeshika kama 9. Mizizi tayari inahema kwa shida, halafu unaiachia na mbegu ya ugonjwa chini ya kreti.

Ndiyo maana hapa sitawaambia habari za lita kwa saa, wati, wala pampu inapandisha maji mita ngapi. Wauzaji wote wanaanzia hapo, na kwa kreti ya lita 48 ni maneno matupu: pampu ya lita 1,500 kwa saa inaimaliza kwa kama dakika mbili, ya lita 800 kwa kama dakika nne. Dakika mbili hizo utazifanyia nini? Mimi napanga kwa kitu kimoja tu: ikishamaliza, chini kumebaki nini.

Namba moja: Sicce Ultra Zero

Niseme mapema, hii naipendelea na sioni haya. Sicce ni Waitaliano, wanatengeneza pampu za matangi ya samaki na za bustani, na hii yangu kaka yangu alinijia nayo kwenye begi la nguo alipokuja likizo. Tofauti yake ni moja: inanyonyea tumboni. Imekaa bapa, tundu linatazama chini, na imetengenezwa hasa kwa kukausha maji yaliyosimama sakafuni. Mara ya kwanza kuitumbukiza nilisubiri ikorome kwenye sentimita 4 kama mwenzake. Haikukoroma. Ilienda, ikaenda, mpaka nikaanza kuona michoro ya plastiki chini ya kreti. Iliyobaki nilifuta kwa kipande cha kanga.

Haina kasoro? Inazo. Plagi yake ni ya miguu miwili ya duara, kwa hiyo tafuta adapta nzuri, si zile za kupasuka ukizishika. Mizizi inaingia tumboni. Yangu nimeivalisha kipande cha chandarua na kamba ya mpira. Na usiiache ikizunguka kavu wewe umeenda kuangalia maharage jikoni, maana inapozwa na maji hayo hayo. Bei yake inauma, na dukani hapa sijaiona. Ni mpaka uwe na mtu. Ila letusi za kreti mbili nilizotupa nazo zilikuwa pesa.

Namba mbili: koki ya chini

Hii ndiyo ambayo fundi bomba yeyote wa mtaani anaweza kukufungia: unatoboa kreti, unafunga konekta ya tangi, koki, na mpira. Maji yanatoka yenyewe, umeme uwepo usiwepo. Ningeiweka ya kwanza kama mafundi wasingekuwa wanaharibu kwa namna ile ile, wote.

Wanatoboa ubavuni. Konekta ya nusu inchi ina kola na nati, na ili vikae sawasawa kwenye ukuta wa kreti inabidi tundu lipande juu. La kwangu la kwanza midomo yake ya chini ilikuwa sentimita 2 kutoka sakafuni. Sentimita 2 kwenye kreti ile ni lita 4.8, yaani tumerudi kule kule, nusu yake. Nilimwambia fundi, akanijibu, "Mama, maji yote hayawezi kuisha, hata tangi la nyumba huwa yanabaki." Tangi la nyumba halina mizizi, kaka.

Mwambie atoboe sakafu ya kreti, pembeni karibu na kona, elbo ije chini, na kreti ikae juu ya matofali. Kola ndiyo iwe ndani, nati nje. Akigeuza, nati inakuwa ukuta mdogo unaozuia maji. Chukua ya robo tatu inchi badala ya nusu, kwa sababu ya nusu inazibwa na mzizi mmoja tu. Halafu upande wa pili wa kreti chomeka kipande cha kigae ili iinamie kwenye tundu. Washa, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, iwe mpya, na jaribu kwa maji matupu usiku mzima kabla hujapanda chochote. Nasema hivyo kwa sababu mimi sikujaribu, na mama wa ghorofa ya chini alikuja kunigongea saa kumi na moja alfajiri akiwa na ndoo mkononi.

Mpira wa kutolea uwe mweusi. Ule unaopitisha mwanga unaota mwani kwa siku chache.

Namba tatu: kreti ya ziada

Dada mmoja wa Arusha aliniandikia kulalamika kwamba nawahimiza watu pampu wakati yeye ananunua kreti moja zaidi basi. Anaandaa maji mapya kwenye kreti tupu, anarekebisha pH (kipimo cha ukali wa asidi) kwa nafasi yake hadi kati ya 5.5 na 6.5, kisha wawili wanainua kifuniko na letusi zake zote wanahamishia kule. Kreti chafu anaimwaga, anaisugua, inakuwa ya zamu ijayo. Kwa kigezo changu mwenyewe, kinachobaki ni sifuri, na lazima nikubali.

Kinachonizuia ni jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ndani ya maji ili mizizi ipate oksijeni. Letusi ikifika wiki ya nne mizizi yake inajisokota kwenye mrija wa hewa kama nywele kwenye kitana, na ukiinua kifuniko unasikia inakatika. Yeye anasema anapitisha mrija kwenye kifuniko ili jiwe liinuke pamoja na mizizi. Najaribu sasa hivi kwenye kreti moja. Ukiwa peke yako nyumbani, lakini, kifuniko chenye letusi 12 zilizokomaa si cha kucheza nacho.

Mpira wa kunyonya kwa mdomo

Ni bei ya mita mbili za mpira, unakausha vizuri ukiushikilia chini, na siku moja utameza. Basi.

Ya mwisho: pampu "maalumu kwa haidroponiki"

Miezi miwili baada ya kununua ile ya elfu sabini na tano niliingia duka la samaki wa mapambo Kariakoo kutafuta mawe ya hewa. Nikaikuta rafuni. Umbo lile lile, miguu ile ile, namba ya modeli ile ile ubavuni, ila boksi lina picha ya samaki badala ya jani. Elfu thelathini na tano. Nikauliza mara mbili nikidhani nimesikia vibaya.

Nimeanza kugundua kwamba neno haidroponiki ni kodi. Vikapu vya kuoteshea, mrija wa hewa, kreti nyeusi, vyote vikiitwa hivyo vinapanda. Mwingine alitaka kuniuzia Pedrollo PKm 60, ile pampu ya buluu ya kupandishia maji kwenye tangi la juu. Pampu njema sana, tunayo nyumbani miaka yote, lakini si ya kuzamisha na ni ya nusu farasi. Kwa kreti ya letusi! Siku hizi nikiingia dukani nasema nafuga samaki.

Kama tayari unayo ya aina hii usiitupe. Ng'oa miguu ya mpira na kile kikapu cha mbele, ilaze ubavu tundu likitazama chini, na inamisha kreti. Yangu ilishuka kutoka sentimita 4 hadi kama moja na nusu, iliyobaki nikamalizia kwa kikombe na sponji. Ichomoe kwenye umeme kabla hujaingiza mkono, na pampu ya hewa vilevile.

Mimi yangu nilimpa mdogo wangu wa Mbagala, anafuga sato kwenye tangi. Anasema hajawahi kuwa na pampu nzuri kama hiyo.