Nilisema "nzuri", wakaniandika mzima

Kwetu ukiulizwa habari unasema nzuri. Hata matangani unasema nzuri kwanza, ndipo usimulie msiba. Hicho ndicho kilichoniponza.

Nimetumikia jeshi la Marekani, na goti nililiharibu Kuwait nilipoanguka kutoka juu ya lori tukishusha mizigo. Nilipodai fidia ya ulemavu kwa idara ya maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, nikatumwa kupimwa kwenye kliniki moja yenye mkataba nayo. Yule mpimaji hakuinua macho kwenye kompyuta. Aliniuliza hali, nikajibu nzuri, asante. Akaniambia nikunje goti. Nikakunja huku nimeuma meno. Akakadiria kwa macho, na rula ya kupimia pembe imelala pale pale mezani pake! Nikaanza kumweleza kwamba siku za baridi nashuka ngazi kinyumenyume nikishikilia ukuta. Akanikata: "Jibu nilichokuuliza tu." Dakika kumi hazikufika, niko nje.

Miezi ikapita, barua ikaja: asilimia 0. Yaani wanakubali niliumia kazini, lakini hawatoi hata senti. Na kwenye ripoti ameandika kwamba mimi mwenyewe nimesema sijambo. Salamu yangu ndiyo imekuwa ushahidi! Nilitetemeka kwa hasira. Sheria yao inataka maumivu yahesabiwe, na zile siku goti linapochachamaa pia. Hakuandika neno.

Nilipoanza kuandika haya nilitaka kuwaambia msijisumbue, mambo yote yameoza. Lakini nitamdhulumu yule mzee wa chama cha maveterani aliyenishughulikia bila kunitoza hata dola. Aliisoma ripoti mara mbili, akasema, "Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Tuombe mkaguzi wa ngazi ya juu aipitie." Ikapitiwa, kosa likaonekana, nikapimwa upya. Mama aliyenipima safari hii aliweka rula gotini, akakunja pole pole, akauliza, "Linaanza kuuma wapi? Hapa?" Nilishindwa kujibu, koo limenikaba.

Sasa nalipwa. Kwa hiyo dai, ndugu yangu, usiache. Yule wa kwanza lakini simsamehe, na bado yuko pale pale. Kuna kijana wetu ana miadi huko wiki ijayo, mgongo wake umeharibika. Nitampeleka mwenyewe. Nimemwomba akiulizwa hali, aanze na mgongo.