Riwaya ya kwanza: uipeleke dukani au uuze WhatsApp?
Mi nimejaribu zote mbili na riwaya yangu ya mapenzi, hapa hapa Dar. Dukani unaacha kopi kwa mali kauli, yaani unalipwa zikishauzwa, wanakata chao, halafu kitabu kinawekwa rafu ya chini kabisa nyuma ya vitabu vya shule, na hela unaifuata mwenyewe mpaka soli ziishe. WhatsApp sasa, unaweka sura mbili tatu bure kwenye status, unakatia pale Zuhura anapofungua mlango akamkuta eksi wake, weee! meseji zinamiminika "dada malizia basi", anayetaka anatuma M-Pesa mzigo unaenda na boda. Ubaya wake pidiefu, ukimuuzia mmoja kesho iko kwenye magrupu yote, ndo maana siku hizi nauza karatasi tu. Dukani nimebakiza kopi tano, mama apige nazo picha.