Manyoya ya kwale ya pakiti kwa ndoana ndogo

Nilinunua pakiti ya manyoya ya kwale wa kijivu wa Ulaya katika duka moja la vifaa vya uvuvi jijini Nairobi, nikikusudia kufunga nzi bandia wa kuzama (chambo cha manyoya kinachofungwa kwenye ndoana ili kuiga mdudu) kwa ajili ya samaki aina ya trauti wa mito ya Aberdare, kwenye ndoana namba 14 na 16; namba ikipanda, ndoana huwa ndogo zaidi. Kwa ulaini sina lawama: unyoya ukilowa, nyuzi zake hujilaza nyuma na kuchezacheza kwenye mkondo kama miguu ya mdudu, jambo ambalo unyoya mkakamavu wa shingo ya jogoo, unaofaa zaidi nzi wa kuelea, hauwezi kulifanya.

Tatizo ni ukubwa. Nyuzi zinapaswa kuishia karibu na mpindo wa ndoana, au kuupita kidogo tu. Nilipoyamwaga manyoya mezani na kuyapima moja moja, mengi yalikuwa marefu kupita kiasi, na yaliyofaa namba 16 yalikuwa matano tu. Ngozi nzima ya kwale, yenye manyoya yake yote, ni ghali, lakini ndiyo yenye yale madogo ya shingoni ambayo wajazaji wa pakiti, nadhani, huyatoa kwanza.

Kwa sasa nimerejea kwenye ngozi ya shingo ya tetea, ambayo manyoya yake hupungua ukubwa kadiri unavyokaribia kichwa. Naufunga unyoya kwa ncha, nauzungusha mara mbili, basi. Mizunguko minne niliyoijaribu awali ilinipa kitu kama ufagio. Pakiti nitaitumia kwa ndoana namba 10.