TAHADHARI: Neti ya "meshi 50" ya matundu ya hewa ya chumba cha uyoga, juu ya roli ni halali, ndani ni waya wa mbu

Ndugu zangu mnaolima uyoga, hasa nyinyi wa Arua, Nebbi, Koboko na Yumbe mnaoagiza vifaa Kampala kwa simu, naomba msome hii kabla hamjatuma hela. Kuna mtu anauza neti ya chuma ya meshi 50, yaani matundu 50 katika inchi moja, ya kuzuia nzi kwenye matundu ya hewa. Mita tatu za juu za roli ni neti ya kweli. Zilizobaki chini yake ni waya wa mbu wa madirishani uliopakwa rangi ya fedha. Nimelipa shilingi 540,000, na mifuko yangu ya uyoga 212 kati ya 380 imeharibika.

Simtaji jina kwa sababu jina alilonipa si lake. Mama mmoja wa Nebbi aliyenunua kabla yangu alipewa jina jingine kabisa, ila tulipolinganisha ujumbe wa sauti, sauti ni ileile, na picha ni zilezile. Basi mtambueni kwa namna anavyofanya.

Anaanza na picha ya mkono umeshika rula juu ya neti, matundu yanahesabika vizuri. Bei ni 18,000 kwa mita, roli ni mita 30. Anakwambia, "Mama, hii ni ya mwisho, kuna mtu wa Hoima anaitaka jioni." Nilimwomba anipigie video aikunjue nione, akasema mtandao mbaya. Nikamwomba kipande cha mfano, na hapo ndipo aliponipata: alikituma kweli kwa basi la usiku, kama kiganja changu, nikahesabu matundu 50 katika inchi moja. Nikaona huyu ni mtu wa haki. Nilipotuma hela jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake. Nikamuuliza, akajibu ni la mke wake. Nilipaswa kusimama pale pale, lakini chumba kilikuwa tayari, mifuko imeshajazwa maganda ya mbegu za pamba na mbegu za uyoga zimeshapandwa, na mimi nilikuwa na haraka.

Roli ilipofika nilikunjua mita ya kwanza, nikahesabu, nikafurahi. Chumba changu kiko nyuma ya nyumba hapa Oli, Arua, kina matundu mawili ya juu na manne karibu na sakafu. Fundi alianza na ya juu nikiwa nimesimama naye. Kisha nikaenda sokoni, yeye akaendelea na ya chini kwa kukata ndani zaidi ya roli. Rangi ni moja, chumba kina giza, hakuna aliyeona tofauti.

Siku ya tisa nikaona nzi wadogo weusi wakizunguka balbu. Nikadhani wameingia nilipofungua mlango. Wiki ya tatu walikuwa wengi mno, na nilipopasua mfuko mmoja nikakuta funza weupe wenye vichwa vyeusi vinavyong'aa, wanakula ule utando mweupe wa uyoga kabla haujachipua. Aliyewahi kuwaona hawasahau. Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 100, na kwa joto la huku kwetu kutoka yai hadi nzi mzima ni wiki tatu hivi. Yaani hao wa siku ya tisa walikuwa wageni kutoka nje, na hao wa wiki ya tatu walizaliwa humohumo ndani. Tena wakitua huku na huku hubeba mbegu za kuvu ya kijani na utitiri kutoka mfuko hadi mfuko. Mifuko mingi niliyoitoa ilikuwa imeshageuka kijani.

Usiku huo nilikwenda nje na tochi, nikachuchumaa mbele ya tundu la chini. Nzi alitua kwenye neti, akatembea kidogo, akapita. Hata hakuhangaika. Nikachukua rula: matundu 18 katika inchi moja. Nikapanda kwenye tundu la juu: 50. Ndipo nikalitoa lile roli lililobaki, nikalikunjua lote uani. Kutoka mita ya tatu kwenda chini lote ni 18, na mwisho halikuwa mita 30. Pamoja na vipande tulivyokata, jumla ni mita 23.

Kwa wasiojua hesabu ya meshi: ni idadi ya matundu katika urefu wa inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Meshi 50 ikiwa na uzi mwembamba, tundu moja lina upana wa milimita 0.3 hivi. Meshi 18 tundu linazidi milimita moja. Mbu anazuilika pale, lakini nzi wa uyoga ana mwili mwembamba sana, anajipenyeza. Kwa hiyo mtu akikwambia "neti ni neti, mbu hapiti", huyo hajui uyoga au anakudanganya.

Mzee jirani yangu, fundi redio, alikuja na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Kipande cha juu hakikunaswa. Cha ndani kilinaswa papo hapo, maana yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, wakati nilikuwa nimelipia chuma kisichoshika kutu. Na kutu ilikuwa imeshaanza. Chumba cha uyoga hunyunyiziwa maji mara tatu kwa siku, hewa yake ina unyevu muda wote, na rangi ile ilikuwa imebanduka pembeni, maji mekundu yanatiririka ukutani.

Nilimpigia. Kwanza alisema nzi wa Arua ni wadogo kuliko wa Kampala. Halafu akasema nimeacha mlango wazi. Nilipomwambia nimehesabu matundu na nina picha, akasema, "Mama, subiri nikupigie jioni," na tangu jioni hiyo namba yangu imefungwa. Alikuwa ameniambia duka lake liko Container Village, eneo la maduka Kampala, akanipa na namba ya chumba. Mtoto wa dada yangu anayesoma Kampala alikwenda. Wenye maduka pale walimwambia namba hiyo haipo, na wenyewe walisikitika, kwa kuwa si mara ya kwanza mtu kuja akimuulizia.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi ya hela. Ndani ya mzigo aliweka chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita yenye dawa ya rangi ya maziwa, haina karatasi wala jina, eti "zawadi", niipake kwenye neti nzi wasikaribie miezi sita. Harufu yake ilinikaa puani siku nzima. Sikuipaka. Yule mama wa Nebbi aliipaka, na hewa yote inayoingia chumbani inapita kwenye neti ile kabla ya kufika kwenye uyoga ambao watu wataupika siku hiyohiyo. Uganda ina sheria ya kudhibiti kemikali za kilimo. Dawa halali imesajiliwa na ina karatasi inayosema ni nini, inatumika kwenye zao gani, na ukae siku ngapi kabla ya kuvuna. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, usiiguse, usiimwage kwenye mtaro, na usiiache mahali watoto wanafika. Mimi niliifunga kwenye mfuko, nikampelekea afisa kilimo.

Sasa, kama umeshanunua, usihesabu mwanzo wa roli tu. Kunjua lote. Hesabu mwanzo, katikati na mwisho, na uhesabu pande zote mbili, kwa kuwa neti nyingine ina matundu mengi kwa urefu na machache kwa upana. Kama macho hayaoni vizuri, weka rula juu yake, piga picha, ikuze kwenye simu. Pima urefu kwa tepu. Gusa kwa sumaku sehemu tatu. Na kama umeshaifunga ukutani, pitia kila tundu moja moja, msifanye kama nilivyofanya mimi kutazama moja na kuamini yote.

Kama hujanunua, lipa baada ya roli kukunjuliwa mbele ya mtu wako. Kila mtu wa huku kwetu West Nile ana ndugu Kampala. Nauli ya boda ya kumtuma ni ndogo kuliko machozi. Na jina linalotokea kwenye simu likiwa tofauti na la muuzaji, usibonyeze namba ya siri.

Anauza pia waya wa kuku "wa kuzuia panya" kwenye matundu hayohayo. Panya mdogo hupita kwenye tundu lililozidi milimita 6, sembuse waya wa kuku. Nje ya neti weka waya mgumu wa matundu ya robo inchi. Hata neti nzuri panya ataitafuna kama ni ya plastiki.

Baada ya yote haya nimepata neti ya kweli kwa njia nyingine, na naongeza hili kwa sababu wengi hukata tamaa wakidhani neti nzuri ndiyo inaua uyoga. Neti ya matundu madogo hupunguza hewa. Uyoga unatoa kaboni dioksidi, na ikijaa chumbani unaona mashina marefu na vichwa vidogo, kama vijiti vya kiberiti. Mtu akiona hivyo anaing'oa neti, na nzi wanaingia. Usiing'oe. Fundi wangu alitengeneza sanduku la mbao linalotokeza nje ya tundu, likavikwa neti pande zake zote, eneo la neti likawa kama mara tatu ya tundu lenyewe. Hewa ikarudi. Naipiga brashi kila Jumamosi kwa sababu vumbi la hapa huiziba haraka. Na mahali fremu inapokutana na ukuta nimeziba kwa saruji, chini ya mlango nimepiga kipande cha mpira, maana kama una feni ya kutoa hewa nje, hewa itaingia popote penye upenyo, na nzi atakuja nayo.

Nimeandikisha shauri polisi. Yeyote aliyepunjwa mita au kuuziwa kitu kisichokuwa kile anaweza kulalamika pia UNBS, shirika la viwango, kwani vipimo ni kazi yao. Tunzeni risiti za hela za simu, ujumbe wa sauti, karatasi ya basi, na roli lenyewe. Mimi roli langu sijalitupa ingawa kila nikiliona moyo unauma. Mama wa Nebbi naye ametunza lake, na tumekubaliana kwenda pamoja.

Jumamosi iliyopita picha ileile ya mkono na rula imetokea tena. Namba ni mpya, safari hii anasema yuko Gulu, na bei ameishusha hadi 15,000 kwa mita.